Mkanda wa Friederun

Rafiki yangu Eckart huvuta kamba kwenye jumba letu la opera, hapa kando ya mto Rhine. Mkewe, Friederun, alikuwa akiimba kama binti wa mtoni katika ile opera ndefu ya miungu, ambamo mtu anayakana mapenzi ili apate dhahabu ya kutawala. Eckart ndiye aliyekuwa akimning'iniza hewani kwa mkanda wa kiunoni, aonekane anaogelea. Majira ya baridi Friederun akafariki.

Asubuhi moja ya mazoezi, Gundula, msimamizi wa jukwaa, alimwomba Eckart aushushe mkanda wa marehemu ukarekebishwe kwa ajili ya mwimbaji mpya. Eckart akapanda juu gizani, akafungua kamba. Ikamvuta kwa nguvu, na kapi, kigurudumu cha kamba, likaanza kulia polepole.

"Mbona unashusha kama umebeba mayai?" Gundula aliuliza toka chini.

"Ni mzito."

"Mkanda mtupu huo, Eckart. Uzito wa nini?"

Machozi yalikuwa yakimtoka Eckart, akazidi kushusha taratibu, kama mkewe alivyopenda kushushwa. Gundula akawasha taa, kisha akatazama juu. Mkanda ulikuwa mtupu kweli, lakini ulikuwa ukitanuka na kusinyaa, kama unavyofanya kiunoni mwa mwimbaji anayevuta pumzi kabla ya kuimba.