Onyo la Mistari Miwili

Moyo-chuma wa Sikudhani ulipokea programu mpya kwa njia ya hewa huku mwenyewe akichambua mchicha jikoni. Haukuruka hata pigo moja. Katika Dodoma ya zama hizo maelfu ya watu waliishi kwa mioyo ya namna hiyo, na maagizo yake yaliandikwa na mashine, si na binadamu.

Mdogo wake Sikudhani, Mhandisi Chausiku Mazengo, ndiye aliyesimamia kikusanyaji, mtambo uliogeuza maagizo hayo kuwa lugha inayoeleweka na moyo. Kila kilipofanya kazi, kikusanyaji kilitema maonyo mengi mno, karibu yote ya upuuzi, hata wahandisi wakachoka kuyasoma. Chausiku akatunga chujio: ruwaza ya herufi na alama iliyopitia maandishi mstari kwa mstari, ikitafuta neno "onyo" likifuatwa na neno lolote la hatari. Mstari uliolingana na ruwaza uliletwa kwake. Mingine yote ilitupwa. Ofisi nzima ilimshukuru.

Kisha kikusanyaji kikaboreshwa, na maonyo marefu yakaanza kukatwa yakawa mistari miwili. "Onyo" likabaki juu, neno la hatari likashuka chini. Chujio halikuona kitu. Skrini ikawaka kijani, programu ikatumwa.

Sikudhani alianguka sokoni akichagua nyanya. Jioni ile wakaanguka wengine.

Chausiku alifukua maandishi yaliyotupwa, akaliona onyo lenyewe: hesabu ya mapigo itazidi nafasi iliyotengewa. Hesabu ilipojaa, moyo ulipotewa na mahali ulipofikia, ukasimama. Alisahihisha programu papo hapo, lakini mioyo iliyokwisha kupokea ile mbovu ilikuwa imefunga milango yake, haipokei tena kitu kwa hewa. Haikurekebishika bila kupasua kifua, na madaktari wa upasuaji hawakutosha hata robo ya wagonjwa. Mkuu wake, Mzee Kapufi, alimwambia kwa upole kwamba chujio lilipita majaribio yote na hakuna atakayemlaumu. Chausiku alichukua mkoba wake akaenda msibani kwa dada yake.

Mama yao alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta. Alimvuta Chausiku karibu.

"Mashine yenu hiyo, mwanangu, haikujua kwamba dada yako atakufa?"

"Ilijua, mama. Ilisema."

"Ilimwambia nani?"

Mama alingoja, mkono wake ukiwa juu ya goti la binti aliyebaki. Simu ikatetema ndani ya mkoba: moyo mwingine umesimama, mtaa wa Chang'ombe.