Shingo ya Angela

Kila jioni, wakati wa kuoga, Blandina na bintiye Angela walikorofishana. Nyuma ya shingo ya mtoto palikuwa na weusi mzito. Mama aliusugua kwa dodoki na sabuni ya mche, lakini haukutoka.

"Mama, inauma."

"Tulia. Watu watasema duka kubwa, mtoto haogi."

Blandina na mumewe, Elibariki, waliuza vyombo kwa jumla Kariakoo. Walikaa ghorofani, juu ya duka. Angela akitoka shule alikaa nyuma ya kaunta, maana nje kulijaa maguta ya mizigo na malori. Akisumbua, alipewa soda na chipsi. Wateja walisema, "Mtoto kanenepa, biashara inalipa." Blandina alifurahi. Yeye alikulia kijijini Machame, akichota maji mtoni kabla ya shule. Aliapa mwanawe hatabeba ndoo.

Jioni moja, jirani yao Siti, muuguzi wa kliniki ya watoto, alisikia kilio. Akabisha hodi.

"Mama Angela, weka dodoki chini. Huo si uchafu."

"Ni nini sasa?"

"Mara nyingi ni dalili. Insulini ndiyo inayosaidia sukari itoke kwenye damu iingie mwilini ifanye kazi. Mtoto akinenepa sana, mwili hauisikii vizuri, basi unatoa nyingi zaidi. Insulini ikizidi ndipo ngozi ya shingo inakuwa nyeusi. Kesho akapimwe sukari."

Blandina aliitazama ile shingo iliyochubuka. Akamkumbatia mwanawe, akalia.

Kipimo kilionyesha sukari imepanda, ila haijafika kuwa kisukari.

"Bado tumewahi," Siti alisema. "Usimshindishe njaa. Acheni soda na juisi za sukari, anywe maji. Chipsi ziwe mara mojamoja. Mboga, maharage na matunda viliwe na nyumba nzima, asitengwe. Na kila siku acheze mpaka aheme, kama saa moja hivi. Kwani wewe kwenu ulikula nini?"

"Ndizi, maharage, mboga ya mnafu. Soda tuliiona Krismasi."

Blandina alikumbuka njia ya mtoni, na wenzake wakicheza rede, wakikwepa mpira, mpaka mama zao waite. Alikuwa ameikimbia ile shida, na raha yake akaiacha hukohuko.

Elibariki hakupenda. "Mtoto akikonda, mama yangu kule Machame atasema tunamnyima."

"Mama yako atakwenda naye kukata majani ya ng'ombe," Blandina alijibu.

Jumapili, maduka yalipofungwa, mtaa ulitulia. Blandina alijaza matambara kwenye soksi kuukuu, akapata mpira wa rede. Mwanzoni Angela alichoka upesi, akakaa chini akinuna. Jumapili iliyofuata alikwepa mpira wa baba yake, akacheka. Siku za shule waliruka kamba uani.

Miezi ikapita. Sukari ilirudi kawaida. Angela alirefuka, uzito ukabaki palepale. Weusi wa shingo ulififia polepole.

Desemba walikwenda Machame. Bibi alimkagua mjukuu.

"Mbona kapungua?"

"Shikamoo bibi. Tunaenda kukata majani saa ngapi?"

Bibi alicheka, akasahau kulalamika.

Jioni mama na mtoto walishuka mtoni. Angela alichutama, akainamisha shingo mwenyewe. Blandina aliimwagia maji kwa kiganja, taratibu. Mtoto hakujikunja.