Vitundu vya Mashua ya Dawa

Kila asubuhi kabla ya shule, Wakio aliteremka hadi Ziwa Jipe akiwa na ufagio na ndoo, akaosha mashua ya dawa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliishika mwenyewe bila kuombwa tangu mama yake alipofariki mwaka uliotangulia. Baba yake, Fanuel, ndiye aliyeiendesha mashua hiyo. Kila Jumanne alimpeleka Bwana Samuel, dresa aliyetibu watu katika zahanati, hadi kijiji cha ng'ambo ambacho hakikufikika kwa miguu mvua za masika zikianza.

Mashua yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na injini iliyokohoa kama mzee mvuta tumbaku, kichumba cha mbao cha kuwekea masanduku ya dawa, na nyuma ya kichumba sakafu wazi walipokaa abiria. Kwenye kingo za sakafu hiyo, chini kabisa, kulikuwa na vitundu vinne, viwili kila upande. Baba hakuwahi kueleza vilikuwa vya nini, na Wakio hakuwahi kuuliza. Watoto wa ziwa lile walikulia katika mitumbwi, na katika mtumbwi tundu ni adui. Ukiliona unaliziba, basi.

Jumanne moja ya mwaka wa 1956 mashua ilirudi imejaa wagonjwa na mizigo. Uzito uliizamisha kidogo, na maji ya ziwa yakapenya kwenye vile vitundu yakalowesha miguu ya watu. Wakio aliliona jambo hilo akaliweka moyoni. Jumamosi, baba alipokwenda Taveta kununua petroli, Wakio alitwanga nyuzi za mafunjo, akazichanganya na nta ya nyuki, akaviziba vitundu vyote vinne. Aliviziba vizuri, maana alikuwa amefundishwa na mtu anayejua.

Aliyemfundisha alikuwa Nzembi, mama mzee wa kile kijiji cha ng'ambo. Mama yake Wakio alipofariki, ndugu zao walikuwa mbali kule Marungu, na hawakufika hadi mazishi yalipokwisha. Nzembi ndiye aliyevuka ziwa kwa mtumbwi wa mwanawe, akaosha maiti, akakaa na Wakio siku saba. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kufariji. Alimsuka nywele, akampikia uji, na siku za mwisho akamkalisha kando ya mtumbwi akamfundisha kuziba nyufa, ili mikono ipate kazi na macho yapumzike kulia. Wakio alimpenda mno.

Basi Jumamosi ile alirudi nyumbani amejaa furaha. Hakumwambia baba. Alitaka agundue mwenyewe siku mashua itakapojaa na watu wakashuka miguu mikavu.

Usiku wa Jumapili mvua ilinyesha bila kukatika. Jumatatu alfajiri Wakio alipofika ziwani na ufagio wake, alisimama kama aliyepigwa na butwaa. Sakafu ya nyuma ilikuwa imejaa maji hadi juu. Maji yalikuwa yamevuka kizingiti cha kichumba yakaingia ndani, na masanduku ya dawa yalikuwa yamelowa. Vidonge vilivyofungwa katika karatasi vilikuwa vimegeuka uji mweupe.

Hapo akaelewa. Vile vitundu havikuwa vya kuingiza maji. Vilikuwa vya kuyatoa.

Alipiga magoti, akachokoa nta kwa msumari, akavizibua vitundu kimoja kimoja. Maji yakatoka kwa kasi, na muda si muda sakafu ikawa wazi. Vipande vya nta akavitupa ziwani. Baba alipokuja, alikuta kichumba kimelowa na sakafu ya nyuma haina maji yaliyotuama, akainua macho juu.

"Paa linavuja," alisema.

Wakio alifungua kinywa, kisha akakifumba. Uongo wake wote ulikuwa huo tu, kukaa kimya, naye alijidanganya kwamba kimya si uongo.

Bwana Samuel alipofika alikaa juu ya sanduku lililolowa akashika kichwa. "Nitaomba dawa nyingine Taveta, lakini wataniletea sanduku moja tu mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Sitalipakia kwenye mashua inayovuja. Tengeneza paa kwanza, Fanuel."

"Na Jumanne je? Kesho watu wanakungoja."

"Watangoja kidogo. Nikiwafikia na uji wa vidonge nitakuwa nimewasaidia nini?"

Kwenda kwa mtumbwi hakukuwezekana. Kiboko alikuwa amempindua dresa wa kabla yake, naye alikufa maji. Tangu hapo zahanati ilikataza kabisa.

Alasiri ile mtu alifika kwa mtumbwi, akipiga kasia kwa nguvu. Alikuwa Kitheka, mwanawe Nzembi.

"Mama ana kichomi," alimwambia Bwana Samuel. "Anakohoa, kifua kinambana, hali chakula. Kumpakia kwenye mtumbwi na mvua hii ni kumuua. Nimekuja kuhakikisha, kesho mtakuja?"

"Tutakuja paa likishatengenezwa. Mpe maji ya moto, mfunike vizuri. Tukipata njia tutakuja mbio."

Kitheka alimwona Wakio akatabasamu kwa uchovu. "Mama anakusalimu. Anauliza kama nywele zako bado zinasukwa." Kisha akarudi kwenye mtumbwi wake.

Wakio alimtazama mpaka akapotelea nyuma ya mafunjo. Sasa alijua vizuri kabisa kilichokuwa mbele yake. Paa lilikuwa zima. Neno moja kutoka kwake, na mashua ingeondoka kesho. Lakini neno hilo lilikuwa na mengine nyuma yake: dawa zimeharibika kwa mkono wangu, na nimekuacha ulaumu paa. Aliogopa uso wa baba kuliko alivyoogopa kichomi cha Nzembi, na kwa hilo alijichukia.

Jumanne sanduku jipya la dawa lililetwa kwa baiskeli kutoka Taveta. Baba alikuwa juu ya paa tangu asubuhi, mvua ikimnyeshea mgongoni, aking'oa turubai na kubandua mbao. Wakio alimpelekea chai. Baba aliinywa haraka akasema, "Asante, mama," kama alivyozoea kumwita, kisha akarudi kazini. Usoni alikuwa amechoka sana. Wakio aliondoka akaenda kulia nyuma ya jiko.

Jumatano mchana baba aliteremka na ubao mkononi. Aliugeuza, akaukuna kwa ukucha, akaunusa.

"Sielewi," alisema. "Mbao hizi ni kavu ndani. Hakuna ufa, hakuna uozo. Maji yalipita wapi? Itabidi nibandue paa lote, na hiyo ni kazi ya wiki nzima."

Wiki nzima!

"Baba, paa halina kosa," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote bila kuficha kitu. Baba alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, wala hakuinua mkono. Aliuweka ubao chini polepole.

"Tangu Jumatatu ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Baba."

"Na Kitheka alipokuja, ulikuwa unajua?"

Wakio aliitika kwa kichwa. Baba alikwenda moja kwa moja kumwita Bwana Samuel. Walifunga turubai juu ya paa kwa kamba, wakapakia sanduku, na Alhamisi kulipopambazuka wakaondoka, Wakio akiwa ameketi juu ya sakafu ya nyuma. Njiani mvua iliwanyeshea tena. Maji yalitiririka hadi kwenye vitundu, yakatoka, na kichumba kikabaki kikavu.

Walipokaribia ufuko hawakuona watu wamejipanga kama siku zote. Kitheka alikuwa peke yake, amekaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu.

"Tumemzika jana jioni," alisema.

Baba alivua kofia. Wakio alitaka kujificha ndani ya kichumba, lakini baba alimshika bega akamwambia kwa upole, "Nenda umwambie mwenyewe. Mimi niko nyuma yako."

Alimwambia. Ilikuwa vigumu kuliko kumwambia baba, maana Kitheka alikuwa na macho ya mama yake. Alipomaliza, Kitheka aligeukia ziwa.

"Jumanne nzima alikuwa anasikiliza injini," alisema. "Kila tulipomwinua kunywa maji aliuliza, 'Wamefika?'"

Kisha akainuka akaondoka zake.

Katika safari ya kurudi Wakio alimuuliza Bwana Samuel lile alilokuwa akiogopa kuuliza. "Tungekuja Jumanne, angepona?"

Bwana Samuel hakukimbilia kumfariji. "Alikuwa mzee, na kifua kilikuwa kimeshika vibaya. Labda angepona, labda asingepona. Sijui, mwanangu, nawe hutajua kamwe. Ndiyo sehemu chungu ya jambo hili."

Ijumaa baba alikata vipande vinne vya mpira wa baiskeli mbovu, akamwonyesha Wakio jinsi ya kuvipigilia upande wa nje, kila kimoja juu ya tundu lake, kwa misumari ya juu tu. Maji ya mvua yakisukuma kutoka ndani, mpira ungefunguka. Maji ya ziwa yakisukuma kutoka nje, ungejifunga. Halafu walikiinua kizingiti cha kichumba kwa ubao, na masanduku wakayajengea rafu.

"Nami nina fungu langu la lawama," baba alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Miaka yote hii sikukueleza vitundu ni vya nini. Kuziba kulikuwa kosa la mtu asiyejua, na hilo ningelisamehe kabla jua halijachomoza. Lakini ulipokwisha kujua, ulitakiwa kusema. Ungeniambia asubuhi ile, tungekuwa njiani kesho yake."

"Najua, Baba."

"Lia tu. Lakini shika nyundo."

Jumanne iliyofuata baba alimwombea ruhusa shuleni, akampakia. Watu walikuwa wamejipanga ufukoni. Wakio alisimama mbele ameshika kamba, asijue nani angeipokea. Kitheka akatoka katika kundi, akaingia majini hadi magotini, akanyoosha mkono.

Aliikamata kamba, akaivuta mashua mpaka ikagusa mchanga. Ndipo akamtazama Wakio.

"Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo," alisema. "Sisi huku huwa tunangoja."