Aliyesoma kwa Niaba ya Mama

Kitendawili, wajukuu zangu. Anatafuna mmoja, anashiba mwingine. Ni nini hicho? Fikirini taratibu. Msiharakishe kunipa mji, nisije nikaukuta hauna hata kisima. Nisikilizeni kwanza.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita, mwepesi wa kila jambo, hata majirani wakamwita Chapu. Akitoka shule alivua sare, akaifua kola, akaianika, kisha akaingia jikoni kumenya vitunguu. Hapo humkuta mama yake anakoroga chungu, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Ndani ya simu hiyo mwalimu wa chuo kikuu alikuwa anafundisha.

Mama yake Chapu alikuwa msaidizi wa darasa la chekechea, kwenye shule ileile aliyosoma binti yake. Alifunga kamba za viatu, akapangusa makamasi, akawabembeleza waliolilia kwao. Mwalimu Mkuu alimwambia, "Ukipata shahada, nitakupa darasa lako mwenyewe." Basi akajiunga na chuo kinachofundisha kwa mtandao. Baba yake Chapu alikuwa ameshafariki, na mama hakuwa na nafasi ya kwenda kukaa chuoni.

Shangazi yake Chapu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliona kichekesho.

"Wifi, hiyo shahada ya kwenye simu utaitundika wapi? Kwenye chaja?"

"Cheka tu, wifi."

"Sicheki, nauliza. Itakusaidia nini?"

Mama akafunika chungu.

Mwanzoni alisoma vizuri. Lakini uchovu hauna adabu. Jioni moja, somo likiwa huduma ya kwanza kwa watoto, alisinzia kitini akiwa ameshika mwiko. Chapu alilisikiliza somo lote mpaka mwisho, kisha akamgusa bega.

"Mama, kuna maswali ya kujibu. Yanafungwa leo."

"Jibu wewe, mwanangu. Macho hayafunguki."

Chapu akajibu. Matokeo yalipotoka, mama alikuwa amefaulu sana. Mwalimu Mkuu akampongeza mbele ya walimu wote. Mama akatabasamu kidogo, akaangalia pembeni. Somo lililofuata Chapu akajibu tena, na lililofuata pia. Kila mara mama alisema, "Hili tu. Nikipata nafasi nitayarudia yote."

Nafasi haikuja. Kilichokuja ni degedege.

Darasani kwa mama alikuwamo mtoto mdogo waliyemwita Kaptula, kwa sababu kaptula yake ilimfika karibu na vifundo vya miguu. Asubuhi hiyo mwalimu wa darasa alikuwa kikaoni, na mama yuko peke yake na watoto. Kaptula alianguka katikati ya mchezo, akakakamaa, akaanza kutetemeka, mapovu yakamtoka. Watoto wakapiga kelele. Mama akapiga magoti kando yake, akambana mabega, akachukua kijiko cha uji na kumpenyezea kwa nguvu kati ya meno, akiogopa asijing'ate ulimi.

Chapu alisikia kelele akiwa uwanjani. Alipofika mlangoni, aliona kijiko.

"Mama, toa! Usimtie kitu mdomoni! Mlaze ubavu!"

Alikuwa amechelewa. Jino lilikuwa limevunjika, na kipande kimeteremka kwenye njia ya hewa. Midomo ya Kaptula ilikuwa inageuka rangi. Walimlaza ubavu, damu ikatoka, jino halikutoka. Akakimbizwa hospitali.

Madaktari walimfanyia upasuaji wa koo kulitoa jino, akapona. Kupona kwenyewe hakukuwa kwa kurudi alivyokuwa. Yule mtoto aliyekuwa kinara wa nyimbo darasani, sauti yake ikawa ya kukwaruza. Mama yake Kaptula alimhamisha shule, na siku anakuja kuchukua mkoba wake hakumwamkia mtu.

Mwalimu Mkuu alimwita mama ofisini, Chapu naye akiwa amesimama kando.

"Huduma ya kwanza ulifaulu, nikakusifu. Na mwanao ndiye aliyejua la kufanya. Ilikuwaje?"

Mama akaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Chapu akamfuata nyuma.

Nyumbani shangazi aliwakuta wamekaa bila kuwasha moto. "Nilisema mimi," akasema. "Chuo cha simu ni kupoteza muda. Achana nacho, wifi."

"Hapana, shangazi," Chapu akasema, machozi yanamlengalenga. "Chuo kilifundisha. Kilisema mlaze ubavu, kilisema usimtie kitu mdomoni. Mimi nilisikia. Mama ndiye hakusikia, kwa sababu nilisikia mimi."

Hapo, wajukuu zangu, kitendawili changu kimeteguka: masomo alitafuna Chapu, sifa akashiba mama. Msinidai tena.

Asubuhi mama alirudi kwa Mwalimu Mkuu, amemshika binti yake mkono, akasema yote. Chuo kikaarifiwa. Masomo aliyojibiwa yakafutwa, ikambidi ayaanze upya. Darasa aliloahidiwa akapewa mwingine. Yeye akaondolewa kwa watoto, akawekwa stoo kuhesabu madawati mabovu.

Mwalimu Mkuu hakuwagombeza. Alivua miwani akasema, "Mama, masomo ya mtandaoni ni masomo kama mengine, kwa mtu anayeyasoma mwenyewe. Ukimpa mwingine ayasome, utapata cheti, na siku ya shida cheti hakitajua la kufanya." Kisha akamgeukia Chapu. "Nawe, binti yangu, najua ulimhurumia mama yako. Siku ile ungemwamsha tu."

Kuanzia hapo kazi za jikoni akazishika Chapu, na mama akawa anakaa na simu mezani. Akisinzia, Chapu anamwamsha. Akiomba jibu, Chapu anamenya vitunguu kama hakusikia.

Siku moja shangazi aliingia kuazima kiberiti. Akamkuta wifi yake ameukunja mto wa kulalia, ameulaza ubavu mezani, anaulegeza foronya taratibu kama anayelegeza kola ya mtoto, midomo inacheza.

"Bado tu, wifi?" akasema. Safari hii hakuwa na kicheko. "Baada ya yote haya? Hiyo shahada itakusaidia nini?"

Mama hakuinua macho.

"Ingemsaidia Kaptula," akasema.