Piza ya Vidole Mlangoni

Ambaye hajaona maiti akitembea mchana kweupe, kavaa miwani ya jua na analamba aiskrimu, huyo hajafika Anoka Jumamosi ya maandamano ya Halowini, sikukuu ya kujivika mizimu na mifupa. Mji wenyewe mdogo, umekaa kando ya mto huko ughaibuni, kaskazini kabisa kwenye theluji, lakini siku hiyo mifupa huwa mingi kuliko watu. Inasemekana mwaka mmoja walihesabu vichwa wakakuta mafuvu mawili yamezidi, na hadi leo hakuna aliyejitokeza kuyadai.

Salmin hakufika hapo kwa matembezi. Siku za kazi alipima maji maabara; mwisho wa wiki alisambaza vyakula kwa gari, akiviacha mlangoni mwa watu na kuwatumia picha. Alikuwa kijana wa Kondoa aliyeletwa na masomo miaka minane nyuma, mrefu, mpole, mwenye aibu ya kuuomba radhi mlango uliomgonga yeye. Alikuwa anapenya katikati ya umati, mfuko wa chakula cha watu kifuani, pale kiunzi cha mifupa kilichovaa koti kilipoinama na kumbwekea sikioni.

Akaruka. Wapo wanaosema aliruka futi sita. Tuseme tano, tusiitwe waongo. Alipotua, alitua juu ya meza ya sambusa.

"Ewe! Sambusa zangu!"

Mwenye meza alikuwa msichana wa Mombasa, Kibokoni, jina lake Arafa. Juu ya buibui alivaa koti la kijivu, mtandio wa manjano ulimzunguka uso, na shavuni alikuwa na vumbi la unga ambalo hakujua kama analo. Siku nyingine alitengeneza kahawa uwanja wa ndege na kukaa Richfield, jirani na uwanja huo.

"Samahani, dada. Nitazichukua zote."

"Hata zile ulizozikalia?"

"Hizo hasa."

Arafa akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mwanamume mzima, ndevu hizo, waogopa mifupa ya plastiki?"

"Siogopi. Nimeshtuka tu. Mwoga hukimbia. Mimi nimeruka papo hapo."

"Papo hapo ndo mezani kwangu!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wabara nyinyi, mna maneno."

"Cheka tu. Iko siku nitakupikia chakula cha kukutisha wewe, tuone nani ataruka."

"Kwa mikono hiyo? Yajua kukanda unga?"

"Itajifunza."

"Basi niandikie nambari yako nikufundishe, usije ukaua watu."

Ndivyo ilivyoanza. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali hata ukimwita mtu nje mwezi wa Januari, jina lilimfikia Machi likishayeyuka. Kwa hiyo wapendanao hao walizungumza kwa simu, ndani, kila mmoja jikoni kwake.

"Umekanda?"

"Nimekanda, laazizi."

"Waseleleka mkononi?"

"Umenata hadi kwenye kiwiko."

"Subhanallah! Ongeza unga, roho yangu. Huo si wa chapati, huo wa kubandika matangazo."

Theluji ilipoondoka walitembea kando ya mto. Kiangazi Salmin akampeleka Arafa kazini kwake akamwonyesha chupa za maji. Arafa akasema hajapata kuona mwanamume anayependa maji kiasi kile na bado anaogopa kuogelea. Kila siku Salmin alitaka kumwambia neno moja la kuoana. Kila siku alilifikisha mpaka kwenye meno, akalimeza.

Septemba, shangazi yake Arafa akawasili kutoka Mombasa. Bi Faiza alikuja na masanduku matatu, chetezo cha udi, na posa. Mtu mmoja wa mji wa Columbus, Abdulbasit, mwenye duka la vitambaa na jina zuri, alikuwa ametuma wazee. Arafa aliomba muda mara ya kwanza akapewa. Akaomba mara ya pili akapewa na jicho. Mara ya tatu hakuthubutu.

"Salmin, n'sikize," alisema kwenye simu Jumatano moja, sauti chini. "Ijumaa saa kumi na mbili za jioni watu wa Columbus watapiga simu wataka jibu. Ijumaa hii."

"Ijumaa hii ya Halowini?"

"Wacha Halowini! Wanitaka ama hunitaka?"

"Nakutaka, Arafa. Mungu anajua."

"Mungu yuwajua, shangazi hajui. Uje kabla ya hiyo saa. Kengele yetu haifanyi kazi, na hata ingefanya, shangazi haitaki. Yeye ataka kusikia hodi. Asema mtu hupimwa kwa hodi yake. Bisha hodi kwa sauti, sema salamu, useme lililokuleta. Ntamwambia kuna mgeni. Ntavaa, ntapika kahawa, ntakaa n'kungoje. Usije ukanyamaza kama kawaida yako."

"Nitakuja. Na zawadi nitaleta."

"Lete mdomo. Zawadi baadaye."

Lakini Salmin alikuwa na ahadi ya mwaka mzima, ya chakula cha kutisha, na mtu mwenye aibu hupenda kitu cha kushika mkononi. Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akaumua unga wa piza kando ya kipasha joto. Akausukuma ukakubali, mviringo kama mwezi, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akapaka sosi ya nyanya na kitunguu saumu, nyekundu, nzito. Akakata jibini mizimu saba, kila mzimu macho ya karafuu. Zeituni nyeusi akazifanya buibui wenye miguu minane. Pilipili hoho ya rangi ya chungwa akaichonga uso wa boga lenye meno. Kisha soseji za ng'ombe za halali, nyembamba, akazichanja mikunjo ya viungo, na ncha ya kila moja akachomeka lozi iliyomenywa iwe ukucha. Vidole kumi. Katikati yake, kwa vipande vya hoho, akaandika jina la Arafa.

Mkongomani anayekaa naye nyumba moja, Onesphore, akaingia kutafuta chai, akasimama mlangoni.

"Ndugu yangu, hii njo chakula ao ni dawa ya mulozi?"

"Ni posa."

"Posa?" Onesphore akainama akahesabu vidole. "Kama ni posa, mon frère, weye mwenyewe uishike mu mikono, na ueleze. Usiiache ijielezee."

Salmin akacheka. Maneno hayo angeyakumbuka baadaye, na hayangemsaidia kitu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini aliegesha gari nyuma ya lori la jirani, hatua chache kutoka nyumba ile Richfield. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili na koti jeusi juu. Mtaa mzima ulining'inizwa mifupa. Watoto waliovaa shuka walikuwa wanaanza kutoka na vikapu vyao. Akapanda ngazi tatu, sinia mkononi, mvuke bado unapanda. Nyuma ya mlango alisikia vikombe vikipangwa. Alisikia sauti ya Arafa: "Yuwaja, shangazi. Ngoja kidogo."

Hapo akakumbuka kwamba shangazi hupima mtu kwa hodi yake.

Akafungua mdomo. Hodi haikutoka. Na miguu ya Salmin, ambayo kwa miaka miwili ilikuwa imepanda ngazi za watu elfu moja mia tatu, ikafanya inachokijua. Ikapiga magoti. Mikono ikaweka chakula kizingitini, ikatoa simu, ikapiga picha, ikabonyeza kutuma. Akageuka, akashuka, akaingia garini. Alipokwisha kufunga mkanda ndipo akili ilipomrudia.

Akajituliza. Si kitu, Arafa ataona picha, atafungua, atacheka, ataniita.

Simu ya Arafa wakati huo ilikuwa chumbani, imechomekwa kwenye chaji, ikingojea simu ya Columbus.

Mlango ukafunguliwa. Aliyetoka ni Bi Faiza, amejitanda leso mbili za kanga, kuchungulia kama mgeni amepotea njia. Mtaa huu alikuwa na mashaka nao tangu alipoona majirani wakianika mifupa ya wafu wao uani. Akatazama chini.

Huko kwao Kibokoni, chakula kilichoachwa mlangoni bila mtu, jua likizama, hakiitwi zawadi. Huitwa kafara, na aliyekileta anamtakia shari aliyemo ndani. Nacho hiki kilikuwa na damu, na macho, na jina la mtoto wake.

"Vidole!" Ukelele ule ulifika uwanja wa ndege, na yasemekana ndege moja iliahirisha kutua. "Vidole vya mtu! Arafa! Usije! Usikitazame!"

Akavua leso ya juu akakifunika. Akamwaga chumvi. Akaleta chetezo, akafukiza kizingiti huku akisoma. Kisha akapiga kelele aletewe sepeto ya theluji, na aliyeileta, kutoka garini Salmin aliona wazi, alikuwa Arafa. Gauni la kijani la hariri, hina mikononi, mtandio ule wa manjano wa Anoka. Alifunua pipa la taka akashikilia kifuniko, uso kando, wakati shangazi yake akitumbukiza humo piza, leso, sinia na kila kitu. Kisha Arafa akatazama barabara huku na huku, akaingia ndani, akafunga.

Salmin akawasha gari. Njia nzima mpaka kwake watoto walimpungia. Alipofika alimfungia Arafa simu asimfikie tena, akalala na kanzu.

Wiki mbili zikapita. Ni Onesphore aliyempokonya simu mkononi akaifungulia njia ile. "Hata mufu anaagwa," alisema. Jioni hiyohiyo ikalia.

"Hatimaye," Arafa alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Unataka nini, Arafa? Nilikuona. Umeshika kifuniko kwa mkono wako."

"Nilishika. Shangazi alikuwa amekigubika, asema ni uchawi. Mimi nilijua ni ujinga wa watoto wa jirani. Nikamsaidia kutupa upesi, upesi, ili usije ukatukuta na taka mlangoni. Nilikuwa n'kikungoja wewe, Salmin."

Salmin akakaa chini, palepale sakafuni.

"Saa kumi na mbili simu yao ikalia. Nikamwambia shangazi tungoje kidogo. Ikalia tena. Nikasema kidogo tu. Ya tatu akanambia, mwanangu, mgeni wako hana hodi. Nikaitika. Nikawambia watu wa Columbus ndiyo." Pumzi yake ikasikika. "Baada ya Isha ndo shangazi akanirudishia simu yangu, nikaona picha. Mizimu saba, macho ya karafuu. Jina langu. Nikakupigia mara arubaini na moja."

"Na sasa? Arafa, nitakuja sasa hivi. Nitabisha mpaka mlango uvunjike."

"Nshatoa neno mbele ya wazee. Mahari yashapokewa, nikaha ni Desemba. Nikilirudisha, ni shangazi yangu ndo atakayetembea Kibokoni kichwa chini, na yeye ndo alonilea."

"Nilikuwa mlangoni, mpenzi. Nilikusikia unapanga vikombe."

"Najua. Picha yaonyesha mpaka kizingiti." Akajaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Ilikuwa nzuri, Salmin. Wallahi ilikuwa nzuri. Unga uliumuka?"

"Uliumuka."

"Basi nilikufundisha jambo. Buriani, laazizi."

Akakata yeye kwanza, kwa sababu mmoja lazima akate.

Januari ikaja na ukali wake. Arafa alikuwa Columbus, mke wa mtu mwema. Bi Faiza alikwisharudi Mombasa na chetezo chake. Nyumba ya Richfield ilibaki tupu, imebandikwa tangazo la kupangishwa, theluji ngazi zote tatu. Asubuhi moja Salmin alipita hapo akipeleka chakula cha mtu mwingine. Akasimamisha gari. Akapanda, mikono mitupu, akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

Akasema tena kwa sauti. Mara ya tatu alipaza mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Hazikwenda mbali. Baridi ilizidaka mdomoni zikaganda, hodi tatu, zikaanguka juu ya theluji mahali palepale alipoweka sinia. Zipo hapo. Machi zitayeyuka, moja baada ya nyingine, na atakayekuwa amepanga nyumba atasikia sauti ya mwanamume mlangoni, atafungua, na hataona mtu.