Bahasha ya Novemba

Mwaka jana, asubuhi ya Siku ya Marehemu Wote, mama yangu mdogo Skolastika alimnywesha mkwewe uji, akamfuta kinywa, akajitayarisha kwenda misa katika kanisa la Minara Miwili. Mkwewe, Bi Apolonia, alikuwa mwaka wa nne hainuki kitandani. Mwanawe keshakufa, kazi yote ikabaki kwa mjane, na mimi nikimsaidia.

Sisi Wakatoliki kila Novemba hupewa bahasha ya kuandika majina ya wafu wetu, yasomwe kanisani na kuombewa. Mama mdogo alijaza yake jikoni, nikimtazama. Akaandika mumewe. Akaandika wazazi wake. Kisha akaandika: Apolonia.

"Mama mdogo, huyu yu hai," nilinong'ona.

"Nshachoka mie. Akiombewa pumziko, na apumzike."

Ningeweza kumnyang'anya kalamu. Sikumnyang'anya. Kusema kweli, na mimi nilikuwa nimeichoka harufu ya kile chumba.

Kanisani katekista alisoma majina polepole. Alipofika kwa Apolonia, sauti ikaitika kutoka benchi la nyuma.

"Naam."

Watu wakageuka. Benchi lilikuwa tupu. Wakati wa kutoka nilipita pale, nikasikia harufu ya mafuta ya karafuu, yale tunayomsugulia Bi Apolonia magoti.

Nyumbani tulimkuta amekaa. Amekaa mwenyewe, miguu chini, nyayo zina vumbi. Nilimgusa mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Nimeitwa, nikenda," alisema. "Wamenirudisha. Wanasema mie bado."

Mama mdogo alipiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Mie nshakusamehe, mwanangu. Lakini wao wanamtaka aloniandika."

Mama mdogo hakuumwa hata kichwa. Aliomba maji. Nilipokuwa nikimpa gilasi, aligeukia mlangoni kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Naam," akasema, akaanguka.

Tulipomuosha, wino wa vidoleni haukutoka. Tulimzika nao.

Jioni ileile Bi Apolonia alipata joto, akalala chali kama zamani, akadai uji wake. Sasa namnywesha mimi. Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Na aliyesimama akimtazama, je?

Juzi bahasha ililetwa tena. Niliiweka juu ya kabati, wazi, bila jina hata moja. Kalamu sikuigusa, Mungu shahidi yangu. Lakini kila nikimgeuza yule bibi kitandani, nawaza alilowaza mama mdogo.

Leo asubuhi alinikamata mkono wenye kijiko.

"Umemwandika nani?"

"Sijamwandika mtu, bibi."

"Basi mbona vidole vina wino?"

Nimesugua kwa sabuni mpaka ngozi imechubuka. Bahasha ipo palepale juu ya kabati. Imefungwa kwa gundi, na mimi sikuifunga.