Riungu Achora Grafu ya Karwirwa

Karwirwa wa Kibirichia alivijua viazi kama alivyowajua watoto wake. Zamani aliacha shule kidato cha tatu, akaolewa na Riungu, wakalima. Sasa alikuwa amerudi darasani, mama mzima na sare yake, wala hakuona haya. Asubuhi alikamua ng'ombe, jioni alisoma. Alitaka kuwa mwalimu. Lakini jiografia ilimzibia njia. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia, na katika ule wa majaribio alikuwa ameanguka vibaya.

Kilichomuuma zaidi ni swali lenyewe. Eti grafu ya mavuno ya viazi! Aliambiwa aeleze grafu inaonyesha nini. Akaandika ukurasa mzima juu ya ugonjwa wa majani, baridi ya mlimani na mbegu mbovu. Kila neno lilikuwa kweli. Akapewa sufuri.

"Mimi nipewe sufuri ya viazi?" alimwambia mumewe. "Mimi?"

Wakaenda pamoja kwa jirani yao Wambeti, mwalimu wa jiografia kutoka Embu. Karwirwa alibeba karatasi yake na hasira zake. Wambeti aliisoma yote bila kucheka. Kisha akamwomba Riungu aketi akitazama ukuta, akampa penseli na karatasi. Karwirwa asome jibu lake, naye Riungu achore grafu.

Riungu alisikiliza mpaka mwisho. Penseli haikusonga.

"Mama Kendi," akamwuliza mkewe, "hiyo baridi naichora namna gani?"

Karwirwa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

"Umeandika unachokijua," Wambeti akamwambia. "Mtahini ameuliza unachokiona. Sababu ziache mpaka uulizwe."

Akamwonyesha. Kwanza useme mwendo wa jumla: mstari unapanda, unashuka, au umetulia? Halafu utaje kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, pamoja na mwaka, kiasi na kipimo chake. Usisahau mahali mstari unapobadilika ghafla au kwenda kinyume na mwendo wa jumla.

Karwirwa akaitazama grafu upya, akasema polepole:

"Kwa jumla, mavuno yalipanda kati ya mwaka 2015 na 2020. Yalianza na magunia hamsini kwa ekari. Mwaka 2017 yalishuka ghafla hadi arobaini, kiwango cha chini kabisa. Baadaye yalipanda kila mwaka hadi themanini mwaka 2020, kiwango cha juu kabisa."

Safari hii penseli ilitembea. Walipolinganisha, mstari wa Riungu ulifanana na ule wa mtihani. Karwirwa aliushika mchoro ule kwa mikono miwili, furaha imemjaa.

Tangu hapo, jioni kazi ikiisha, Riungu aligeukia ukuta. Walichora grafu za mvua, majani ya chai, hata idadi ya watu mijini.

Siku ya mtihani ikaja grafu ya samaki. Karwirwa hajavua hata dagaa maishani mwake! Lakini alimwona Riungu akilini, amegeukia ukuta, penseli tayari, akamwandikia yeye.

Matokeo yalipotoka, jiografia ndiyo iliyoongoza masomo yake yote. Leo Karwirwa anasomea ualimu chuo kikuu, kule Nchiru. Watu wa Kibirichia wakimpongeza mumewe, Riungu hutoa kifua mbele.

"Huyo mwalimu nilimsaidia mimi," huwaambia. "Tena nikiwa nimempa mgongo."